Melodi Husifiwa, Hamonia Ndiyo Ifanyayo Kazi

Muulize mpenzi wa koncheto za piano (kazi ndefu za piano na okestra) za enzi ya Kiromantiki, yaani karne ya 19, anachokipenda humo: hatakujibu kwa maneno, atakuimbia. Atavumisha kipande cha mtunzi kama Rachmaninoff au Grieg, atafumba macho kidogo, kisha atakutazama kana kwamba ameshamaliza hoja. Sina ugomvi naye. Wimbo ni mzuri kweli. Lakini mimi hutaka tuondoe kwanza kilicho chini ya wimbo huo, tuone kama utasimama.

Maoni yangu ni kwamba katika muziki huu melodi ndiyo inayokaa kichwani na kupewa sifa zote, ila kinachotoa machozi ni hamonia, yaani noti zinazolia pamoja na wimbo, na jinsi kordi moja (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) inavyoipisha nyingine. Aliyewahi kuimba kwaya hahitaji maelezo marefu. Soprano wakiimba peke yao mazoezini, wimbo unakuwa mwembamba. Wakiingia alto, tenori na besi, kuna mahali ambapo soprano wameshikilia noti ileile, tenori wakashuka nusu toni tu (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), na watu wakasisimka. Soprano hawajafanya lolote. Kilichosogea kipo chini yao.

Anayeonyesha jambo hili waziwazi kuliko wote ni mtunzi Robert Schumann, katika koncheto yake ya A maina (maina ni mpangilio wa noti wenye sauti ya huzuni, meja ni wa uchangamfu). Aliianza mwaka 1841 kama kipande kimoja cha piano na okestra, akaongeza sehemu nyingine na kuikamilisha 1845. Mkewe Clara, mpiga piano wa kiwango cha juu, ndiye aliyeipiga mara ya kwanza kule Dresden, Desemba ya mwaka huo. Sehemu ya kwanza imejengwa karibu yote juu ya wimbo mmoja. Oboe na vyombo vingine vya kupuliza vinautoa kwanza katika A maina, na unasikika kama mtu anayeomba kitu ambacho anajua hatakipata. Baadaye wimbo huohuo unarudi katika C meja na umechangamka. Halafu mwendo unapungua, tunahamia A-flati meja (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni, shapu ni iliyopandishwa), na piano inazungumza na klarineti taratibu sana, kama vile dunia nzima imetoka nje na kuwaachia chumba. Umbo la wimbo ni lilelile. Kama melodi peke yake ndiyo ingekuwa na hisia, basi tungesikia hisia moja mara tatu.

Sasa Rachmaninoff, ambaye ndiye niliyemjia hasa. Koncheto yake ya pili, katika C maina, ilipigwa yote kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano. Kwa kalenda tumeshatoka karne ya 19, lakini roho yake imebaki hukohuko. Wengi hupenda kuisimulia kupitia hadithi ya ugonjwa: simfoni yake ya kwanza ilivyodharauliwa mwaka 1897, alivyokaa miaka bila kuandika la maana, na Daktari Nikolai Dahl alivyomtibu hadi akarudi kazini na kumtunukia koncheto hii. Ni hadithi ya kweli, ila mtu anaweza kuijua yote na bado asisikie kinachotokea ndani ya muziki.

Sikiliza mwanzo. Piano iko peke yake. Hakuna wimbo kabisa, ni kordi tu, moja baada ya nyingine, na kila kordi inajibiwa na F nzito kutoka chini kabisa ya piano. Inaanza kwa sauti ya chini mno na kuzidi kukua. Wengi husikia humo kengele za makanisa ya Urusi, na sioni sababu ya kubishana nao. Kinachonivutia zaidi ni sauti ya katikati ya kordi hizo: inasogea hatua ndogondogo, huku noti zinazoizunguka zimetulia, na kila inaposogea kordi nzima inabadilika rangi. Koncheto ni ya C maina, lakini kordi ya kwanza ni F maina. Tumeanzia nje ya nyumba. Fidla zinapoingia hatimaye na ule wimbo mashuhuri, ndipo tunapofika mlangoni.

Na wimbo wenyewe, ukiutazama kwenye karatasi, si wa ajabu. Unazungukazunguka C na jirani zake, unapanda hatua moja, unashuka hatua moja. Mtoto wa shule ya Jumapili angeweza kuuimba. Uzito wake umetokana na zile kordi zilizotangulia, na mawimbi ya noti ambayo piano inayamwaga chini yake wakati fidla zinaimba. Watu hulalamika kwamba hapo mpiga piano hasikiki, kwamba amefunikwa na okestra. Mimi nadhani Rachmaninoff alijua alichokuwa akifanya. Mpiga solo ameketi mbele ya watu wote, na kazi aliyopewa ni ya kubeba wengine.

(Hapo naomba jambo moja: usiisikilize kwa spika ya simu. Ile F ya chini inapotea kabisa, na ukiikosa umekosa msingi wa jengo. Hata vipokea sauti vya bei nafuu vya masikioni vina nafuu.)

Sehemu ya pili ndiyo inayojulikana hata na wasiojua kwamba wanaijua. Wimbo wa Eric Carmen wa mwaka 1975, ambao Céline Dion aliuimba upya miaka ya tisini, umechukua melodi yake kutoka hapa, na Carmen alilazimika kuafikiana na warithi wa Rachmaninoff kuhusu malipo. Melodi imesafiri vizuri. Kilichoachwa nyuma ni mlango wa kuingilia. Sehemu ya kwanza imeishia katika C maina, na ya pili iko katika E meja. Kama una kinanda karibu, hata kile cha kanisani, bonyeza C, E-flati na G pamoja. Hiyo ni C maina. Sasa shusha C nusu toni iwe B, pandisha E-flati iwe E, pandisha G iwe G-shapu. Umepata E meja. Kordi hizi mbili hazina hata noti moja ya pamoja, lakini kila noti imesogea nusu toni tu. Umbali ni mkubwa na hatua ni fupi, yote mawili kwa wakati mmoja. Rachmaninoff harukii moja kwa moja namna hiyo. Fidla na wenzake, sauti zao zikiwa zimezibwa, wanapitia kordi nyingine njiani. Lakini safari nzima inachukua baa nne tu, yaani vipimo vinne vya mapigo, kisha piano inaingia polepole, fluti inagusa wimbo, na klarineti inauchukua. Huo wimbo ungeanzia tu katika E meja, bila kupitia njia hiyo, ungekuwa mtamu. Kwa kupitia hapo unakuwa faraja, na faraja lazima itanguliwe na kitu.

Wapo waliomdharau. Kamusi ya muziki ya Grove, katika toleo lake la 5 la mwaka 1954, ilitabiri kwamba umaarufu wake hauwezi kudumu, na melodi zake ikaziona kuwa za kumwagamwaga hisia. Utabiri umeanguka vibaya. Nadhani waliosema hivyo walifanya kosa lilelile la mashabiki wanaovumisha: walisikiliza juu tu.

Edvard Grieg aliandika koncheto yake ya A maina mwaka 1868, akiwa kijana wa miaka 24 au 25. Miaka michache baadaye alikwenda Roma na kumwonyesha Franz Liszt karatasi zake, na Liszt akaipiga palepale kwa kuisoma. Alipokaribia mwisho, pale wimbo wa pili wa sehemu ya mwisho unaporudi kwa nguvu zote katika A meja, alikuta Grieg ameweka G ya kawaida mahali ambapo sikio lilitegemea G-shapu. Liszt alishangilia kwa sauti noti hiyo moja. Kwa wanaosoma solfa, ni kama “ti” kushushwa nusu toni kwenye kilele cha wimbo wa sifa, wakati kila mtu amejiandaa kupanda kwenye “do”. Mzee aliyekwisha kusikia kila kitu Ulaya, na kinachomsisimua ni nusu toni. Kila ninapofika hapo huwa natega sikio.

Hoja yangu inapata shida kwa Chopin, na sitaificha. Katika sehemu ya polepole ya koncheto yake ya E maina, ya mwaka 1830, okestra inashikilia noti ndefu tu, na piano inaimba peke yake kama mwimbaji wa opera ya Kiitalia, ambayo Chopin aliipenda sana. Wimbo unarudi, na kila ukirudi umepambwa upya. Hapa melodi kweli ndiyo bwana. Msikilizaji aliyelelewa na taarabu ataingia humu bila kubisha hodi, kwa sababu masikio yake yamezoea mwimbaji mmoja anayepinda na kupamba sauti huku vyombo vikimfuata. Kuna wanaomcheka Chopin kwa okestra yake nyepesi. Siwaungi mkono, okestra nzito hapo ingekuwa kero. Ila hata kwake, angalia mkono wa kushoto. Pambo linalouma zaidi ni lile linalogongana kidogo na kordi ya chini kabla ya kutulia.

Kwa anayetaka kuanza leo, ningempa Chopin kwanza, kisha Grieg, kisha Rachmaninoff mara mbili: mara ya kwanza afuate wimbo, mara ya pili aupuuze kabisa na kufuata sauti ya chini peke yake. Akimaliza, koncheto ya pili ya Brahms, ya mwaka 1881, sehemu ya tatu, ambako wimbo mkuu amepewa selo (fidla kubwa ya sauti nzito) na piano inautafakari kwa mbali bila kuunyakua. Koncheto ya kwanza ya Tchaikovsky inaweza kusubiri. Ule mwanzo wake wa D-flati meja, ambao haurudi tena katika koncheto nzima, umeshapigwa kwenye matangazo na sherehe za kutosha, na utamfikia tu hata asipoutafuta.