Mlango Umefungwa, Gari Linabisha

Gari la familia la viti vya safu tatu likishazeeka linaanza kuwa na tabia zake, tena za makusudi. Hili letu, ukikanyaga breki usiku huku umewasha indiketa, taa zote za nyuma zinakonyeza. Anayenifuata hajui kama nakata kona, nasimama au namtongoza.

Ukilalamika, jibu ni moja: "Betri hiyo!" Shemeji, betri. Jirani ambaye hana hata baiskeli, betri. Haya, nikapima. Injini imezimwa, mita inasoma volti 12.6, yaani betri imeshiba. Nikawasha, ikapanda hadi 14.2, altaneta inachaji vizuri tu. Nikamwonyesha shemeji. Akaitazama mita, akanitazama mimi, akasema, "Basi hiyo mita ndiyo imeisha betri."

Mafundi nao! Mmoja alitaka kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15, eti isikatike tena. Bwana wee, fyuzi imewekwa ikatike! Ikigoma kukatika, zitaungua nyaya, kisha zulia, kisha viti, na sisi tumekaa juu yake.

Kumbe taa za nyuma zilikuwa na shida ya ethi, ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi nyuma ya taa. Bolti imejaa kutu, kichwa cha waya kimeota ukungu wa kijani. Umeme ukinyimwa njia ya kurudi unapita kwa jirani: umeitwa kwenye indiketa, unatokea kwenye balbu ya breki. Nikapiga msasa, nikakaza bolti, taa zikashika adabu.

Lakini ule mlango wa kuteleza, Mungu anisamehe. Nyaya zake zinakunjwa kila ukifunguliwa, na watoto wangu wanaufungua na kuufunga kama wanapepea jiko. Mwisho wake shaba inakatika ndani kwa ndani, ngozi ya nje nzima kabisa, ukikodoa macho huoni kitu. Mpaka uushike waya uuvute, ndipo unahisi umelegea pale ulipokatika. Na sasa gari linaamini mlango uko wazi. Nimeusukuma, nimeuegemea, nimeupiga teke, gari linabisha. Taa ya ndani inakesha, asubuhi ukipiga stata unasikia "tk-tk-tk" tu, na mtaa mzima unaitwa kusukuma.

Kabla sijaupata muda wa kuunga, nilitoa amri: mlango huo usiguswe, wote mpitie upande wa pili. Watoto wakaelewa. Mama mkwe akaja kututembelea. Nikamwambia, "Mama, zunguka huku," tayari ameshauvuta, kaingia, kaketi, kaufunga kwa nguvu zake zote. Kengele ya mlango ikaanza. Tii, tii, tii. Tumekwenda nayo njia nzima, nami nimekaza macho mbele. Mama wa watu akavumilia weee, mwisho akaniinamia begani: "Baba, hiyo simu si upokee tu? Huenda wana shida."