Mkate wa Misri kwenye jiwe la Ruthwell

Kila nikizitazama picha za msalaba wa Ruthwell, msalaba mrefu wa jiwe ulioko Uskoti (Scotland), jicho langu hutua pale penye mkate. Wakaapweke wawili wa Misri, Paulo wa Thebe na Antoni, wamechongwa wakimega mkate jangwani, na maneno ya Kilatini yamewazunguka kusimulia tendo hilo. Chini yao yuko Maria juu ya punda na mwanawe, Misri tena. Hayo yalichongwa karne ya 8, katika kijiji cha Ruthwell, kusini-magharibi mwa Uskoti, enzi za Northumbria, ufalme wa kale wa Waanglo-Saksoni. Waafrika wawili wamekaa kwenye jiwe hilo kwa miaka ipatayo 1,300, nami naona fahari kubwa kuwakuta huko.

Msalaba wenyewe una urefu wa zaidi ya mita 5. Ubavuni umechongwa mzabibu, ndege na wanyama wakila matunda yake. Ukingoni zimo herufi za runi, maandishi ya kale ya Ulaya kaskazini, na hapo msalaba unasema kwa kinywa chake, kwa Kiingereza cha kale, jinsi ulivyombeba Kristo na kulowa damu.

Mwaka 1642 uliangushwa na kuvunjwa kwa amri ya Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, uliouhesabu kuwa sanamu. Mtu kuogopa ibada ya sanamu, naelewa. Kulipiga jiwe lililochongwa kwa imani kiasi kile, hapana, sikubaliani nako hata kidogo. Vipande vikalala kanisani miaka mingi, kisha vikatupwa nje makaburini, vikapigwa na mvua.

Aliyeviokota ni mchungaji Henry Duncan. Mwaka 1818 aliisimamisha nguzo katika bustani ya nyumba yake. Mikono ya msalaba haikuwepo, basi mwaka 1823 akachongesha mipya kwa kukisia, na jiwe la kileleni likawekwa nyuma mbele. Wataalamu humlaumu kwa hayo. Mimi nampenda mtu huyu, tena kwa sababu nyingine: mwaka 1810, hapo hapo Ruthwell, alianzisha benki ya akiba kwa watu wa kipato kidogo. Benki za kawaida zilitaka pauni 10 ndipo zikufungulie akaunti. Yake ilipokea peni sita. Kwetu, tunaochangishana kwenye vikoba na kuhesabu pesa chini ya mwembe, hilo halihitaji maelezo. Mtu anayejali peni sita za kibarua ndiye atakayeinama kuokota kipande cha jiwe ambacho wengine wamekiruka kwa karibu miaka 200.

Kwa hiyo naomba mikono ile ya kukisia isiguswe, na jiwe la kileleni libaki lilivyo. Nasema pia msalaba usihamishiwe makumbusho ya mjini, hata kama huko ungeonwa na watu wengi zaidi. Mwaka 1887 kanisa la kijiji liliongezewa sehemu maalumu ya kuutunza, na kwa kuwa ni mrefu, sakafu ilichimbwa shimo ili uenee chini ya paa. Hadi leo anayetaka kuuona mguu wake huinamia lile shimo.