Dhahabu Ilibaki Johannesburg, Vumbi Likarudi Kijijini

Kwetu Rungwe, nilipokuwa mtoto, kulikuwa na mzee ambaye kila mtu alimwita Mzee Wenela. Alikuwa na sanduku la bati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na kikohozi kikavu tulichokisikia kabla yeye mwenyewe hajatokeza kwenye migomba. Wakubwa walinong'ona kwamba alirogwa hukohuko alikokwenda kutafuta mali. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba Wenela lilikuwa shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kutoka Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo) na hata Tanganyika yetu, mpaka uhuru ulipokuja na mlango huo ukafungwa.

Humkumbuka mzee huyo kila ninaposoma makala zinazoeleza maradhi na umaskini wa kusini mwa Afrika kana kwamba ni ukame, jambo lililoshuka tu kutoka mbinguni. Lesotho hutajwa sana. Nchi hiyo ya watu milioni 2 hivi, iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ni miongoni mwa zile zinazoongoza duniani kwa kiwango cha kifua kikuu, na takribani mtu mzima mmoja kati ya watano anaishi na virusi vya UKIMWI. Takwimu hizo sina ugomvi nazo. Ninachokikataa ni simulizi inayofuata, kwamba nchi ni maskini, kwa hiyo watu wake wanaumwa, kwa hiyo wahisani waongeze misaada. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ugonjwa ule ni gharama ya kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya migodi, ikapelekwa kwenye milima ya Lesotho ikabebwe na wake na mama wa wachimbaji.

Mwamba wa Witwatersrand, ukanda wa Johannesburg ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, umejaa silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Mchimbaji anapouchoronga, au unapolipuliwa kwa baruti, hutoka vumbi laini kiasi kwamba lile la hatari zaidi halionekani kwa macho. Vumbi hilo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na kwa kuwa mwili hauwezi kulimeng'enya wala kulitoa, pafu huota kovu juu ya kovu mpaka likakakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Unaweza kujitokeza miaka 10 au 20 baada ya mtu kuacha kazi, yaani wakati ambapo amekwisha kurudi kwao kulima mahindi na kuchunga kondoo, mbali na daktari wa mgodi na mbali na mwajiri. Isitoshe, pafu lililokwaruzwa na silika hushindwa kupambana na vimelea vya kifua kikuu. Ongeza hapo virusi vya UKIMWI, vilivyopata mwanya katika mabweni ya wanaume watupu, ambamo baba wa familia aliishi miezi kadhaa bila kumwona mkewe kwa sababu sheria na mkataba havikumruhusu kuja naye. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya Wasotho 100,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi hiyo. Katika nchi ndogo vile, ni nyumba ngapi zilizosalimika?

Kuna jambo moja linalonikaa moyoni kuliko mengine. Sheria ya Afrika Kusini inaruhusu moyo na mapafu ya mchimbaji aliyefariki, ndugu wakiridhia, yatolewe, yahifadhiwe katika formalini, dawa ya kuzuia kuoza, na kupelekwa Johannesburg kuchunguzwa. Ni kutokana na uchunguzi huo kwamba tunajua kuwa miongoni mwa wachimbaji weusi wa dhahabu waliopimwa baada ya kufa, wenye silikosisi walikuwa 3 kwa mia mwaka 1975 na 32 kwa mia mwaka 2007. Ni kweli kwamba wachimbaji wa baadaye walikaa chini ya ardhi miaka mingi zaidi kuliko waliowatangulia, lakini hilo halimpunguzii mwajiri lawama hata kidogo. Sasa fikiria mtu amefia kijijini Mokhotlong, Lesotho, au Inhambane, Msumbiji, wazee wamekusanyika, kaburi limechimbwa. Nani atampasua kifua na kupeleka mapafu yake ng'ambo ya mpaka? Anazikwa, na ushahidi unazikwa pamoja naye.

Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mchimbaji mgonjwa anaweza kumshtaki mwajiri wake hata kama amelipwa fidia ya kisheria. Aliyefungua kesi hiyo, Thembekile Mankayi, alikuwa amelipwa randi 16,320 kwa mapafu yake, naye alifariki siku chache kabla hukumu haijasomwa. Mlango alioufungua ulizaa kesi ya pamoja, kisha makubaliano ya mwaka 2018 ambapo kampuni sita zilitenga randi bilioni 5. Mahakama iliyaidhinisha mwaka uliofuata, na mfuko uitwao Tshiamiso ukaundwa kulipa kati ya randi 10,000 na 500,000 kwa kila anayestahili au warithi wake.

Sibezi ushindi huo. Lakini mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwenye mgongo usiofaa. Mjane anatakiwa aonyeshe kwamba mumewe alifanya kazi chini ya ardhi, kwamba jina la kwenye kitambulisho linalingana na la kwenye rekodi, na kwamba alikufa kwa ugonjwa unaohusika, ilhali kifua kikuu kinahesabiwa tu kama kilimpata akiwa kazini au ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha. Wakati wa kuajiri, hali ilikuwa kinyume. Mawakala waliweka ofisi hadi katika miji midogo ya milimani, wakampima uzito kijana, wakampiga eksirei, wakaandika namba yake. Waliojua kumtafuta alipokuwa na nguvu wanashindwaje kumtafuta anapokohoa? Orodha wanazo wao. Na serikali zetu zisijifiche nyuma ya kampuni. Lesotho ilinufaika na sehemu ya mishahara iliyozuiwa kisheria katika benki mpaka kibarua arejee, na wakuu wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwa mwanachama, walitia saini azimio kuhusu kifua kikuu migodini huko Maputo mwaka 2012. Saini zipo. Mashine za eksirei wilayani ndizo za kuulizia.

Mzee Wenela alipofariki, sanduku lilifunguliwa. Mlikuwa na koti zito la baridi, blanketi, na kadi iliyofifia yenye namba na jina ambalo ilibidi tulisome mara mbili, kwa kuwa karani aliliandika alivyolisikia. Siku niliposoma masharti ya makubaliano yale niliikumbuka kadi hiyo. Yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Yeye wakati huo alikuwa amekwisha kurudi nyumbani.