Tope Lililolala Ndani ya Bomba

Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya siku nne za mgao, mfereji wetu ulikoroma, ukatema upepo, kisha maji. Nikakimbilia kuloweka kanzu ya mume wangu, na umeme ulikuwa umepotea. Alfajiri nikakuta beseni limekuwa kama chai ya mkandaa. Kanzu ina mabaka ya kutu hadi leo.

Majirani wakasema ni Sabaki, mvua imenyesha bara. Sisi watu wa Malindi twausingizia sana mto huu, kwa sababu kila masika twauona ukiigeuza bahari rangi ya udongo. Lakini maji ya Baricho, yanakotoka haya ya mifereji yetu, huvutwa visimani, yakiwa yameshachujwa na mchanga wa mto. Mimi nasema tope lile lilikuwa limelala ndani ya mabomba yetu.

Fundi alipokata bomba kuukuu la chuma hapo uani, nilikishika kipande chenyewe. Bomba la inchi moja, lakini tundu lililobaki halipitishi kidole changu cha mwisho. Ndani vinundu vya kutu vimeshikana, na chini yake ute mweusi ulionata vidoleni kama masizi ya chungu.

Chuma na manganizi, madini ya ardhini, yakiwa yameyeyuka majini hugeuka chembe yakikutana na hewa au klorini, na maji yakienda polepole, chembe hutua. Mgao ukiisha, maji hurudi kwa kishindo na kuyatibua yote. Baya zaidi, bomba likiwa tupu laweza kufyonza maji ya mtaroni kupitia nyufa. Klorini nayo huishia kwenye tope kabla haijaua vijidudu.

Twachuja kwa leso, twatia shabu, twachemsha. Kuchemsha kwaua vijidudu, naam, lakini hakuondoi manganizi, na watoto ndio wanaoyanywa.

Wanaotuuzia maji wana vali za kuoshea mabomba. Wazifungue mwisho wa kila mtaa, maji yakimbie kwa kasi hadi yang'ae, ndipo watufungulie sisi. Watutangazie pia saa ya kufungua, tusikinge yale ya mwanzo. Sasa hivi twamwaga ndoo tatu, nne, na mita yazihesabu zote.

Kile kipande cha bomba nimekiweka dirishani jikoni. Nikienda kulipa bili ya mwezi huu, naenda nacho.