Sakafu ya gome la mwaloni: jikoni naikubali, bafuni itategemea

Wauzaji wa sakafu za gome la mwaloni, gome lile lile linalotengenezwa vizibo vya chupa za mvinyo, husema halipitishi maji. Fundi naye akisikia unataka kuliweka bafuni, anaguna. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Gome lenyewe hukataa maji. Limejaa vijichumba vya hewa visivyoonekana kwa macho, na kuta zake zina suberini, kitu cha jamii ya nta. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alilitandika hadi ukutani kwenye mabafu ya Fallingwater, ile nyumba ya juu ya maporomoko kule Pennsylvania iliyojengwa miaka ya 1930.

Lakini bidhaa nyingi za leo si gome tupu. Kuna vigae vya gome tupu vinavyobandikwa kwa gundi juu ya sakafu kavu, kisha vinapakwa vanishi. Halafu kuna mbao za kuchomekana zisizohitaji gundi: juu gome, chini gome, katikati unga wa mbao ulioshindiliwa. Hizi mtu hujipangia mwenyewe wikendi moja, ndiyo maana zinapendwa. Maji yakipenya kwenye kiungo, ule unga unavimba, kingo zinainuka, na hata zikikauka hazilali tena kama mwanzo. Lawama zote huangukia gome.

Jikoni, kwa anayeishi kwenye baridi, naona faida inazidi hasara. Ukisimama saa nzima ukisukuma chapati, miguu haichoki kama juu ya marumaru, wala nyayo hazigandi asubuhi ya Januari. Glasi ikikuponyoka huenda ikapona. Ubaya wake ni kwamba miguu ya friji huacha mashimo, na jua la dirishani hupausha rangi: inua mkeka baada ya mwaka uone umbo lake limebaki pale chini. Vanishi nayo huisha, hasa mbele ya sinki, na lazima irudiwe kila baada ya miaka michache.

Bafuni, swali ni mnaogaje. Nyumba yenye kijichumba cha kioo cha kuogea, ambako nje hudondoka matone tu, vigae vya kubandika vinatosha, mradi kingo zote zizibwe kwa silikoni. Ila wengi wetu tunaoga kwa ndoo na kata, tunatawadha miguu kwenye sinki, na kudeki kwetu ni kumwaga maji kisha kuyasukuma kwenye tundu. Hapo sakafu hii haina kazi, hata iwe ya bei gani.

Hoja ya mazingira ina uzito wake. Mti haukatwi: nchini Ureno, inakotoka karibu nusu ya gome lote duniani, huchunwa kila baada ya miaka 9 na gome huota upya. Lakini kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hoja hiyo inapwaya: anasafirisha shehena kutoka Ulaya ili apate joto la nyayo asilolihitaji.

Anayenunua aombe kipande cha sampuli, akigeuze, akitazame ubavuni. Akiona tabaka la kahawia laini lililobanwa katikati, hicho ni cha sebuleni.