Pikapu ya Mluzi

Pale Tororo, mashariki mwa Uganda, gari likipiga mluzi mchana watu hucheka. Likipiga mluzi usiku, watu hufunga madirisha. Hilux ya 1988 ya mzee mmoja muuza matoke ilikuwa ikipiga mluzi ikisimama tu. Ikishika barabara ya Malaba inanyamaza na kuvuta vizuri, kana kwamba si yenyewe. Majirani wakasema ina jini. Fundi wa kwanza akasema pistoni zimekwisha. Kati ya hao, wa jini ndio waliokaribia ukweli.

Gari likiwa sailensi, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, kipepeo cha kabureta (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa pale hewa inapochanganyika na petroli) kimefungwa karibu chote na injini inanyonya kwa nguvu. Tundu lolote chini ya kipepeo linaingiza hewa isiyopitia kabureta, petroli haitoshi, injini inatetemeka. Ukikanyaga mafuta kipepeo kinafunguka, mvuto unapungua, na hewa ya lile tundu inakuwa si kitu. Ndiyo maana jini lake liliogopa mwendo.

Yule fundi wa kwanza alikuwa amefunga geji ya vakyumu, ya kupima mvuto wa injini kwa inchi za zebaki, akasoma inchi 11, na kitabu kinataka 17 hadi 21. Kitabu hicho ni cha watu wa pwani! Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi moja, na Tororo iko kwenye mita 1,200 hivi. Huku 13 hadi 17 ni afya. Kumi na moja ni ugonjwa, lakini si wa kuchimbia kaburi.

Gari lilipoletwa kwangu, nikaanza na mpira wa busta ya breki, kifaa kinachosaidia breki kwa mvuto wa injini. Nikaubana kwa koleo: mluzi uleule. Nikakaza nati za chini ya kabureta: mluzi uleule. Nikachukua chupa ya kunyunyizia maji. (Wapo wanaonyunyizia petroli juu ya injini ya moto. Hao wanatafuta moto, si tundu.) Hata sijanyunyiza, mzee akanidaka mkono.

"Fundi, hiyo dawa nani amekufundisha?"

Kumbe mganga alishanyunyiza maji ya majani humohumo. Mluzi ulikatika palepale, ukakaa kimya siku mbili, kisha ukarudi. Mganga akasema dawa imeisha nguvu, aletewe jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa nyuma ya pikapu, amefungwa miguu, anatuangalia.

"Alinyunyiza wapi?"

Mzee akaonyesha nyuma ya manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa na petroli ndani ya injini. Nikanyunyiza. Kimya. Injini ikatulia kama imelala.

Nikaingiza mkono, nikagusa bomba fupi lisilo na mpira. Ndani yake mtu alikuwa amechomeka kitu laini. Nikakivuta gari likiwa linawaka. Mluzi ukawa yowe, vijana wa boda wakatawanyika, mmoja akaacha viatu, na injini ikazima. Mkononi nilikuwa na kipande cha muhogo, chembamba huku, kinene kule, kimeviringishwa kaveera, mfuko wa plastiki. Joto la injini lilikuwa limekikausha kikasinyaa. Maji ya mganga yalikivimbisha kikaziba, kikakauka tena.

Dukani nikachukua kifuniko cha mpira cha milimita 10 na klipu yake. Klipu usiiache: kabureta ikipiga chafya mara moja tu, kifuniko kisichobanwa kinaruka. Nikarudisha chini skrubu ya sailensi mpaka mizunguko kati ya 700 na 800 kwa dakika, maana fundi wa kwanza alikuwa ameipandisha gari lisizime. Geji ikasimama 16, sindano haitikisiki.

Mzee akasikiliza muda mrefu, sikio karibu na boneti.

"Kwa hiyo mganga alipatia mahali," akasema.

"Alipatia kabisa, mzee."

Akamshusha jogoo akampeleka kwa mganga. Mimi akanilipa spea, akaniambia muhogo nibaki nao.