Ukipokea ufunguo, umepokea amana

Mgeni akishuka kwenye hoteli ya kifahari hapa Malindi hukaribishwa kwa taulo baridi na dafu, na kabla dafu halijaisha kijana wa hoteli ameshapokea ufunguo na kwenda kumwegeshea gari. Siku ya kuondoka anakuta bampa imekwaruzwa. Akiuliza, anaonyeshwa kibao ukutani: hoteli haitawajibika kwa gari lolote. Kibao hicho kingekuwa na maana kama angeegesha mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni. Hoteli iliyoupokea ufunguo imepokea amana, na pwani hii hakuna asiyejua uzito wa amana. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma.

Lawama humwangukia kijana aliyeendesha, naye pengine akakatwa mshahara kwa jambo ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha. Hilo si haki. Kosa ni la menejimenti isiyotaka kutumia dakika mbili za mwanzo ipasavyo. Tikiti iwe na vipande vitatu vyenye nambari moja: kimoja kwa mgeni, kimoja kwenye ufunguo, kimoja juu ya dashibodi. Kijana azunguke gari mgeni akiwa bado papo hapo, apige picha pembe zote nne, kisha dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Bila picha hizo, nani ataapa kwamba mkwaruzo ni wa pale langoni na si wa njiani Gede?

Magari ya kuwashwa kwa kitufe yana balaa lake. Mgeni hushuka injini ikinguruma na ufunguo umo mfukoni mwake. Kijana analipeleka gari nyuma, analizima, na haliwaki tena. Swali moja latosha: “Mzee, ufunguo unao wewe?”

Halafu kivuli. Chini ya mnazi panavutia, lakini nazi moja ikidondoka kioo kimekwenda. Mivinje haivunji kitu, ila majani yake membamba hujaa chini ya waipa na kuziba njia za maji. Na mchanga mlaini ukimeza tairi, kukanyaga mafuta ni kuzidi kulizika. Punguza upepo, chimbua mbele ya matairi, ndipo utoke polepole.

Foleni ya saa nne asubuhi ndiyo huwaudhi wageni zaidi, na ni hesabu tu. Kwenda kulichukua gari na kulileta ni dakika tano. Wageni 20 wakitoka pamoja na vijana ni wawili, wa mwisho atasubiri dakika 50, na hapo magari hayajazibana. Mapokezi yawaulize wageni usiku saa za kuondoka, na magari ya alfajiri yapangwe mbele kabla watu hawajalala. Desemba aongezwe kijana wa tatu. Mshahara wake ni mdogo kuliko bampa moja.

Gari lililolala siku tatu kwenye upepo wa bahari lisiletwe mlangoni na kioo cheupe kwa chumvi. Limwagiwe ndoo ya maji matamu kwanza, ndipo waipa iguswe, kwa kuwa mchanga uliogandana na chumvi ukisuguliwa mkavu huacha michirizi isiyofutika.